Anayegonga Ukuta wa Bibi Kinanda

Chumba cha Kwanza, Nyumba ya Matofali,
Mtaa wa Nyuma ya Kanisa.
Jumamosi, tarehe 14, mchana.

Mpendwa mwanangu Chiriku,

Pokea salamu zangu kabla ya maneno mengine yoyote, maana hayo mengine ni mazito na nisingependa yakukute hujasalimiwa. Hujambo? Umekula? Nauliza kwa sababu nakujua, ukiwa na mawazo unadonoa chakula kama huyo ndege tuliyekupa jina lake. Mama yako naye hajambo? Kifua chake kinasemaje na hiyo baridi ya huko? Mwambie dada yangu aivae ile fulana nzito niliyomshonea. Sikuishona ili ikae sandukuni kama hati ya kiwanja.

Sisi huku hatujambo, namshukuru Mungu. Mgongo unanikumbusha kila asubuhi kwamba kiti cha cherehani si kiti cha kupumzikia, lakini nashona. Nimemaliza majoho mapya ya kwaya, na wanakwaya wote wamenenepa tangu nilipowapima, kila mmoja anailaumu futi yangu. Babu yako yuko salama. Masikio yamezidi kuwa mazito, ila akisemwa vibaya anasikia.

Barua yako ilinifikia. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikashindwa kushona siku ile. Nimekawia kujibu, si kwa kukudharau. Kuna jambo hapa nyumbani nilikuwa nangoja liishe ndipo nikuandikie, na naona haliishi, basi nakuandikia hivyo hivyo.

Umesema vijana wa kanisa la huko wanakwenda kuwasomea wazee na kuwafulia, na kiongozi wao akakuomba ujiunge, ukamjibu huna sauti. Wewe Chiriku, huna sauti. Mama yako ameongeza chini, kwa mwandiko wake wa haraka, kwamba Jumamosi mchana unajifunika mto kichwani kwa sababu unasikia mtu anagonga ukuta. Kisha kuna lile neno lako la mwisho, kwamba mtu aliyemwacha Bibi Kinanda agonge mpaka akafa hana haki ya kumpelekea mtu mwingine Neno la Mungu. Neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Ngoja nikukumbushe yalivyokuwa, maana naona unayakumbuka kwa upande wa maumivu tu.

Nyumba yetu unaijua, vyumba vinafuatana, ukuta mmoja wa matofali kati ya jirani na jirani, ukipiga chafya huku unaombewa afya kule. Sisi chumba cha kwanza, Bibi Kinanda cha pili. Alikuwa amepiga kinanda cha kanisa tangu mimi sijabatizwa. Macho yalipozimika akaendelea kupiga kwa vidole, na vidole vilipokakamaa akabaki anapapasa mikono ya kiti chake, anapiga nyimbo ambazo hakuna aliyezisikia. Vijana mkajigawia zamu. Wengine wakamchotea maji, wengine wakamfulia, na wewe ukapewa kusoma, kwa sababu mchungaji alisema ni afadhali kelele zako zipate kazi.

Na yeye alikuwa na sharti lake. Kila habari unayomsomea, usiifikishe mwisho. Ukikaribia tu, anainua fimbo: "Basi, mwanangu, usinimalizie. Niachie kiporo." Alisema mtu mwenye kiporo lazima aamke kesho akile. Wewe ulicheka sana siku ya kwanza, ukaja kuniambia Bibi anamla Mungu kidogo kidogo. Kila Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, alikuwa akigonga ukuta wetu kwa fimbo, nawe unakwenda kummalizia kiporo na kumwanzishia kingine.

Jumamosi ile mbaya ulikuwa umekaa sakafuni kwangu, Mapacha wa fundi viatu wanakusuka kwa ajili ya safari ya kwenda huko kwa mama yako, upande mmoja wa kichwa umekwisha, mwingine umesimama kama jogoo aliyenyeshewa. Kukagongwa. Ukasema, "Nakuja, Bibi, namalizia upande huu." Kukagongwa tena, na tena. Kisha kimya. Ulipokwenda na hicho kichwa nusu, ulimkuta kwenye kiti chake, ameelekea ukuta wa mbali, mikono juu ya magoti kama anayetaka kuanza wimbo. Nilijua unalia kabla sijasikia sauti yako, sijui kama unanielewa.

Baada ya maziko chumba kilifungwa kufuli. Jumamosi iliyofuata, mchana, tunakunja nguo zako za safari, kukagongwa ndani ya chumba kile kitupu. Wewe uliangusha pasi, na alama yake iko hapa sakafuni mpaka leo. Nikakwambia ni bomba la maji. Nyumba hii haina bomba la maji ukutani, nawe ulijua. Ukaondoka na sauti hiyo masikioni, na mimi nikakuacha uondoke nayo kwa sababu sikuwa na kingine cha kukupa.

Sasa nikueleze yaliyotokea nyuma yako.

Kugonga hakukukoma. Si Jumamosi tu, hata siku za katikati ya juma. Nazungusha cherehani, nasikia, nasimamisha gurudumu kwa kiganja, na kule kunanyamaza kana kwamba kunanisikiliza. Nikianza tena, kunaanza tena. Mimi si mwoga, unajua nilivyomfukuza mwizi kwa rula ya mbao. Lakini nilianza kushona nimeupa mgongo mlango na uso ukuta, kwa sababu mwizi niliona afadhali.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mtaa mzima ukajua. Mwenye nyumba alipata mpangaji mmoja, dereva wa lori mwenye shingo kama gogo. Alihamia asubuhi, jioni akahama, akasema chumba kina watu. Tukamuuliza watu gani, akasema hakukaa kujuana nao.

Ndipo akina mama wa maombi wakaamua kuja. Mwenyekiti wao, mke wa mwenye bucha, alivaa viatu vyake vya visigino kana kwamba pepo huangalia miguu. Mapacha walikuja kutusaidia kuimba. Nikafungua kufuli. Harufu ya Bibi ilikuwa bado mle ndani, ile ya sabuni ya kipande na mafuta ya kuchua. Kiti chake kilikuwa pale pale, kimeelekea ukuta wa mbali. Tukaimba, tukaomba, kisha mwenyekiti akaanza kukemea kwa sauti ya mtu anayegombana na mteja, mkono ameunyoosha ukutani: toka, nenda ulikotoka, hapa si kwako.

Ukuta ukagonga.

Tulipozidi kukemea ulizidi kugonga, haraka haraka, bila mpangilio, kama mtu aliyeshikwa na kichaa. Nywele zilinisimama. Akina mama walitoka mle wote kwa pamoja kwenye mlango ambao hupitisha mmoja. Mwenyekiti aliacha kiatu, ninacho hapa chini ya meza, hajaja kukidai. Na mimi nilitoka, nisikudanganye, nilikuwa wa pili.

Waliobaki ndani ni Mapacha. Nilipochungulia nikamwona yule mwenye mwanya amepiga magoti, sikio ameliweka kwenye ukuta wa mbali, chini kabisa, na mwenzake amemshika gauni asije akavutwa. Akanigeukia. Akasema taratibu, "Mama Mdogo, huyu mzimu anakohoa."

Mwanangu, nimezeeka katika nyumba hii. Nilijua chumba cha pili kina ukuta wa mbali. Sikuwahi kujiuliza ukuta huo ni ukuta wa nani. Mlango wa chumba cha tatu unafungukia mtaa wa nyuma, na mtaa wa nyuma sisi hatuna shughuli nao, hauelekei sokoni wala kanisani. Tukatoka, tukazunguka kwenye jaa, tukapita kwenye kamba za nguo za watu tusiowajua, tukakuta mlango umefungwa kufuli kwa nje na dirisha dogo lenye pazia la gunia.

Mapacha wakanipandisha kwenye tofali nikachungulia. Palikuwa na kitanda kimesukumwa ukutani. Palikuwa na mzee amelala ubavu, upande mmoja wa mwili umekufa, uso umeteremka kama nta. Mkono wake mzima ulishika nyundo kwa kichwa, anagonga ukuta kwa mpini. Kikombe kilikuwa kimemponyoka, kimebingirika mpaka mlangoni, na maji yote yameingia kwenye nyufa za sakafu. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

Tulikuwa tumemkemea mtu mwenye kiu. Tumemwambia kwa jina la Bwana aende alikotoka, na yeye alikuwa anaomba maji. Bado nashindwa kulala vizuri nikilikumbuka hilo, na sidhani kama napaswa kulala vizuri.

Mwenye mwanya alipita dirishani, mwembamba vile, akamnywesha kwa kijiko. Mzee akakishika kifundo cha mkono wa mtoto, hakukiachia mpaka jua lilipokuwa linateremka. Tulikaa naye hivyo, sisi nje ya dirisha, wao ndani.

Jioni akarudi mkwe wake, mjane wa mwanawe. Anafanya kazi kwenye tanuri la mikate, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko. Alipotuona dirishani kwake alifikiri tumekuja na msiba. Tulipomweleza, hakutushukuru. Alitutazama sisi na majoho yetu na vitabu vya nyimbo, akasema, "Mimi nafunga mlango kwa sababu sina wa kumwachia. Nyinyi mlikuwa mnapita hapo mbele kila juma na Neno lenu. Nilikuwa nawasikia mnavyoimba." Akaingia ndani, akaanza kumbadilisha mzee mashuka. Sisi tukarudi kwa njia ile ile ya jaani.

Kesho yake nilirudi na sufuria ya uji, na Mapacha wakaja na beseni. Mkwe alisimama mlangoni kwa muda, kisha akatupisha. Ndivyo ilivyoanza.

Mzee mwenyewe alikuwa seremala, na watu wa mtaa wa nyuma walimwita Mzee Randa. Kiharusi kilimchukua mkono, mguu na nusu ya mdomo, hakikumchukua akili. Anaongea kama mtu mwenye kokoto kinywani, mkwe anatutafsiria, na siku hizi Mapacha wanamwelewa kuliko mkwe. Ya kwake tuliyapata kidogo kidogo, kwa majuma kadhaa. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, basi sikiliza.

Yeye na Bibi Kinanda walikuwa marafiki. Hawakuonana hata siku moja. Yeye aligonga kwa mpini, Bibi akajibu kwa fimbo. Kugonga kwa asubuhi ni kuulizana mmeamkaje. Kugonga kwa jioni ni kuagana. Bibi akipapasa nyimbo zake kwenye mikono ya kiti, seremala huyu, ambaye maisha yake yote amesikiliza mbao, alikuwa anazisikia. Ni yeye peke yake duniani aliyezisikia. Na kile kiti, Chiriku. Sote tulidhani kipofu hajui anakoelekea, tukawa tunakigeuza kielekee mlangoni, naye tukiondoka anakirudisha. Alikuwa anaelekea kwa mwenzake.

Wala hakuwa msiri. Mkwe anasema Bibi aliwahi kutamka ukutani, kwa sauti, kwamba atawaambia vijana wazunguke nyuma. Huenda alituambia. Huenda alisema, "Kuna mtu pale," nasi tukajibu ndiyo Bibi, ndiyo Bibi, tukaendelea kufagia. Mzee kipofu akikuambia kuna mtu ukutani unamfunika blanketi. Sikumbuki, na kutokumbuka huko kunanitesa kuliko kukumbuka.

Sasa niende kwenye lako. Kaa chini kama umesimama.

Nilimuuliza Mzee Randa habari za Jumamosi ile. Nilimuuliza polepole, Mapacha wakiwepo, maana na wao wana vidonda vyao, ndio waliokuwa wanakusuka. Akafumba macho. Akasema Bibi alikula, akanawa, akaanza kupapasa wimbo kitini. Katikati ya wimbo akaacha. Si mwisho wa wimbo, katikati. Yeye akangoja aendelee, hakuendelea. Akagonga kumuuliza kulikoni. Hakujibiwa. Akagonga tena, na tena, mpaka mkono ukamchoka. Kisha akasikia nyayo zako, ukamwita Bibi, ukanyamaza, ukalia. Yote aliyasikia, amelala pale pale, hawezi kugeuka.

Umenielewa, mwanangu? Bibi hakugonga Jumamosi ile. Wimbo ulipokatika alikuwa amekwisha kwenda zake, na kila ulichokisikia wewe ukiwa chini ya mikono ya Mapacha kilikuwa ni mpini wa Mzee Randa, umepita kuta mbili. Hata ungeinuka mara tu kulipogongwa, ungemkuta kama ulivyomkuta.

Sikuandikii haya ili ujione malaika. Ulisema unakuja, ukakawia, hilo ni lako, libebe, si zito kiasi hicho. Lakini kumuua Bibi, hukumuua. Ulikuwa unabeba maiti ambayo si yako. Iweke chini.

Ila usikimbilie kufurahi, maana lipo la pili, na hili ni letu sote. Aliyegonga siku ile alikuwa mtu mzima, hai, anaita. Aliendelea kuita juma kwa juma baada ya wewe kuondoka, nasi tukamwita bomba la maji, tukamwita mzimu, tukamwita pepo, majina yote isipokuwa jirani. Kanisa zima lilikuwa na huduma, na mtu alikuwa anakauka nyuma ya huduma hiyo hiyo.

Mchungaji alitaka kulifanya hubiri. Nikamwambia Baba, tafadhali, tusilihubiri, tulitendee kazi kwanza. Hakupenda, lakini alinisikiliza, kwa sababu kanzu zake nazishona mimi. Vijana wenyewe walikata shauri bila mtu mzima kuwapo. Siku hizi wakimaliza kwa mtu, hawaendi kwao kabla hawajazunguka nyuma ya nyumba yake na kubisha hodi kwenye mlango usiowahusu. Wanatukanwa mara nyingine. Mbwa wa mwashi alimchana mmoja suruali, mimi ndiye niliyeishona. Lakini wanazunguka. Hawaimbi wakienda, wanasema wakiimba hawasikii.

Ninalokuomba ni hili. Unakumbuka kiporo cha mwisho ulichomwachia Bibi? Ile habari ya mgonjwa aliyelala miaka kando ya birika, maji yakitibuliwa wengine wanamtangulia, yeye hana wa kumshusha. Uliishia hapo, fimbo ikainuliwa. Mzee Randa hakuwa mtu wa kanisa, habari zile zote alizisikia kwa mara ya kwanza kwa sauti yako, ukutani, na hiyo hajui mwisho wake. Tulipozoeana naye, swali lake la kwanza kabisa, kabla ya kuomba chochote, lilikuwa hilo: "Yule mtu, aliingizwa majini au hakuingizwa?"

Mwenye mwanya akafungua Maandiko amsomee. Mzee akagonga kitanda kwa nyundo. Hataki. Anataka yule mwenye sauti ya haraka, anayesoma kama amechelewa chakula. Tumembembeleza, amekataa katakata, na kila Jumamosi ananiuliza kama nimekuandikia. Basi chukua simu ya mama yako, jifungie chumbani, usome, uitume sauti yako kwenye simu yangu. Usifikirie sana. Ukifika mwisho wa habari hiyo, anza nyingine, umwachie kiporo. Ana haki ya kuamka kesho akile. Ukishafanya hivyo, nenda kwa huyo kiongozi wenu wa vijana umwambie sauti imepatikana.

Sasa lile jambo nililosema haliishi. Nilitaka nilifiche, lakini nilikudanganya mara moja habari ya bomba, sitarudia.

Mzee Randa hagongi tena. Ana kengele ya baiskeli kwenye kitanda, vijana wamemfungia, anaipiga kwa fujo kama mtoto. Chumba cha Bibi bado ni kitupu, ufunguo uko kwangu, kwenye msumari juu ya cherehani. Na bado Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, kuna siku kinagonga. Si haraka haraka. Taratibu, kama fimbo. Mara ya kwanza nilifungua, sikuona kitu, kiti kilikuwa mahali pake. Nikaogopa, nikatoka nje kutafuta watu, nikaona mlango wa mama muuza mkaa haujafunguliwa tangu asubuhi. Nilimkuta ameanguka bafuni, amevunjika nyonga. Mara nyingine nilitoka nikakuta ni mtoto wa mpangaji mgeni, amefungiwa ndani akiwa na homa. Sijui ni nini. Nimeacha kuuliza, na kwa mchungaji sijasema, atakuja na mke wa mwenye bucha. Nikisikia, navaa kandambili, natoka, natazama nani hajaonekana leo. Na hadi leo sijawahi kutoka nikamkosa mtu.

Kwa hiyo huko unakosikia kugonga, safari hii sikwambii ni bomba la maji. Toa huo mto kichwani. Toka nje, uzunguke nyuma ya nyumba.

Nisalimie mama yako, mwambie nimeiona ile nukta ya wino iliyotota mwisho wa sentensi yake, najua alikuwa analia. Msalimie baba yako wa kambo na hao wadogo zako wawili, huyo mdogo asianze shule kabla hajaacha kunyonya kidole. Babu anakusalimu, anasema uandike kwa herufi kubwa. Mapacha wanakusalimu sana, wanasema ule upande wa pili wa kichwa chako wana deni nao. Mkwe wa Mzee Randa hakujui, lakini amekutumia salamu. Mungu aliyekupa mdomo huo akupe na miguu ya kuufikisha unakohitajika, akulinde barabarani, akulinde na mawazo yako mwenyewe.

Nilitaka kuongeza habari za majoho, lakini sina budi kuishia hapa. Ni mchana, tumeshakula. Mapacha wamemleta Mzee Randa upande wetu wa mbele, wamekitoa kiti cha Bibi na kumkalisha karibu na kamba yetu ya nguo, namwona kutokea hapa nilipo. Kumegongwa sasa hivi. Amesikia na yeye, amegeuza kichwa kutazama mlango wenye kufuli, kisha akanitazama mimi. Ameinua kengele na ule mkono mzima, juu kabisa, nione kuwa si yeye.

Naweka kalamu. Natoka kuona nani hajaonekana leo.

Ni mimi nikupendaye, niliye upande huu wa ukuta,

Mama yako Mdogo.